Banda Lisilopitisha Tone

Siku tulipoezeka banda la kuku, waliokuwepo uani kwetu Bongwe ni hawa. Alikuwepo mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Kinondo na panga lake na furushi la kamba. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, aliyetoka Msambweni asubuhi na chupa ya chai kwapani kana kwamba kwetu hakuna chai. Alikuwepo bibi jirani, ambaye si bibi yetu kwa damu lakini hatujui kumwita vingine. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, anayeendesha bodaboda Ukunda, na siku hiyo alikuwa amewaacha abiria wake. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma bila kufuata herufi kwa kidole. Na mimi, mkubwa wao. Kuku nao walikuwepo, wamefungwa miguu kwa vitambaa chini ya mkorosho, wakitutazama kwa jicho moja moja.

Mama hakuwepo. Tulikuwa tumekwisha kumzika. Lakini kila aliyeshika kitu siku ile alimtaja, kwa sababu kuku walikuwa wake, na banda la zamani tulilolibomoa asubuhi hiyo alilijenga kwa mikono yake.

Nieleze kwanza kwa nini watu wazima walikusanyika kwa ajili ya banda la kuku. Baba alianguka kutoka kwenye mnazi akafa nikiwa kidato cha pili. Mama akanitoa shule ili nimsaidie, akasema ni kwa muda, na alimaanisha hivyo. Nguo yangu ya shule aliikunja akaiweka chini ya godoro lake, na pale ndipo tulipoikuta siku tulipotoa vitu vyake. Yeye alipougua hakuugua sana. Alikwenda hospitali akitembea, akarudi amebebwa.

Baada ya arobaini wakubwa walikaa kutuzungumzia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na ndevu, hakuna aliyemjadili. Suala lilikuwa huyu wa mwisho. Shangazi alimtaka. Ana nyumba ya matofali, mume wake ana duka, na watoto wake wamekua wakaondoka. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mwanangu, wewe mwenyewe bado wa kulelewa."

Kwetu Wadigo neno la mjomba halipitwi kirahisi. Mjomba alikunjua na kukunja kofia yake, kisha akasema, "Mwacheni na dada yake mpaka masika yapite. Masika ndiyo mtihani wa nyumba. Tukikuta wanakula na wanalala pakavu, mtoto atakaa. Tukikuta vingine, atakwenda Msambweni, na wewe," akanielekezea kofia, "hutalia."

Nikasema, "Naam, mjomba."

Kula kwetu kulitoka kwenye kuku. Asubuhi nilikaanga viazi vya karai kando ya barabara, lakini viazi vilirudisha mafuta na unga tu, basi. Mayai ndiyo yaliyonunua sabuni, madaftari, na samaki wa Ijumaa. Wapishi wa mahoteli ya Diani wanapenda mayai ya kienyeji kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, na mdogo wangu wa kiume aliyapeleka akiwa ameyapanga kwenye ndoo ya pumba mbele yake kwenye pikipiki, akiendesha taratibu kuliko anavyowaendesha watu. Kwa hiyo kila mtu pale uani alijua. Kuku wakikaa, mtoto anakaa.

Banda la mama lilikuwa la mbao za kuokota na mabati ambayo chumvi ya bahari imeyala mpaka yakawa matundu matundu kama kimia. Upepo wa kusi ulipovuma, mvua iliingia kwa ubavu, na vifaranga walikufa kwa baridi kila mwaka. Mlango ulikuwa kipande cha ubao kilichoegemezwa na jiwe. Kuku mwenye hasira aliweza kuusukuma akatoka. Kila jioni, kabla ya kutia udhu wa Magharibi, mama alichota jivu mekoni kwa kifuu cha nazi akalizungushia banda, mstari mwembamba, kama mtu anayechora. Tulidhani ni dawa ya utitiri. Hatukumuuliza. Alipofariki nikaendelea kulimwaga kwa sababu macho yalikuwa yamezoea kumwona akilimwaga.

Kisha shangazi akaja siku moja na kumnusa mtoto kichwani, akasema, "Huyu ananuka moshi. Darasani watamcheka." Maneno hayo yalinitosha. Niliuza mayai, sikula yai hata moja, mpaka nikapata mtungi mdogo wa gesi. Nikayasafisha meko ya mawe matatu, nikayafagia, nikaweka ndoo za maji juu yake. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Mtoto akaenda shule ananukia sabuni.

Ikaingia Shaabani, na wezi wa kuku wakaingia nayo, kama kila mwaka watu wanapojiandaa kwa Ramadhani na arusi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walibeba banda zima usiku, wakamwachia mwenyewe manyoya. Mdogo wangu wa kiume alipoambiwa alikuja mbio kutoka stendi. "Dada, sisi wanatujia kesho," akasema. "Ule ubao wako hata mtoto wa chekechea anautoa."

Ndipo tukaitana.

Mjomba miaka mingi ameezeka mapaa ya makuti huko mahotelini, mapaa ya kupanda mpaka unaona watu chini kama kunguru. Alilizunguka lile eneo, akapiga kisigino chini, akacheka. "Hapa ni jiwe tupu. Nguzo hazichimbiki."

"Tutafanyaje?" nikauliza.

"Tutazisimamisha ndani ya ndoo za zege. Jiwe hatulichimbi, tunajenga juu yake."

Nguzo zilikuwa za mkilifi, ndio mwarobaini, kwa sababu mchwa hawaupendi uchungu wake. Wavu wa waya mdogo wangu aliununua Ukunda, ule wa matundu madogo, na kwa vile hatukuweza kuuzika tuliukunja chini kwa nje, tukaulazia mawe mazito ili nguchiro akichimba akutane na waya. Ndani tulimwaga sakafu ya zege, nyembamba, yenye mteremko wa kutoa maji. Upande wa kusini, upande wa kusi, tulishona magunia mawili mawili yawe pazia la kuteremshwa mvua ikija. Mlango ulikuwa wa mbao za mvule kutoka kitanda cha baba. Mdogo wangu alitia komeo, juu ya komeo akatia kufuli.

"Kufuli kubwa hivi!" shangazi akasema. "Unafuga kuku au unaficha dhahabu?"

"Shangazi, kuku wa Shaabani ni dhahabu."

"Basi ufunguo kaa nao wewe, maana dada yako akilala hata ngoma haimwamshi."

"Ufunguo nakaa nao mimi," nikasema, nikaufunga kwenye pindo la leso.

Yalibaki makuti. Makuti mapya hatukuwa nayo. Bibi jirani alikuwa nayo, ameyapanga chini ya upenu wa kibanda chake, makuti mazuri ya kushona aliyoyashona mwenyewe tangu vuli kwa ajili ya paa lake, ambalo lilikwisha kuchoka. Alitusikiliza tukihangaika, akanyanyuka, akaenda kwake, akarudi anakokota mzigo wa kwanza kwa kamba kama anayekokota mbuzi.

"Bibi, na paa lako?" nikamwambia.

"Paa langu limenizoea. Litanisubiri."

"Masika yanakuja, bibi."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi? Chukua makuti, mjukuu wangu. Utanirudishia makuti. Sitaki senti. Nataka makuti kama haya, na yashonwe vizuri, usiniletee takataka za kufungia maandazi."

Watu wakacheka. Mdogo wetu wa mwisho akadakia, "Mimi nitaloweka majani, bibi!" Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tulipokuwa tukishona na mama. Majani ya mnazi yaliyokauka hayakunjiki juu ya ufito mpaka yalowekwe, na yeye alikuwa akiyakanyagia ndani ya karai kama anayecheza. Bibi akamshika kidevu, akamwambia, "Wewe ndiye niliyekukopesha, basi. Huyu dada yako ni shahidi tu."

Mjomba alipanda, akafunga kuti juu ya kuti, akiyabana kuliko mtu anavyobana kwenye nyumba ya kuishi. Paa likawa na mwinuko mkali. Tulipokuwa tukiokota mabaki, bibi akatazama chini kuzunguka banda, akauliza, "Na jivu?"

"Jivu la nini, bibi?" mdogo wangu akasema.

"Mama yenu alikuwa hakosi jivu."

"Lilikuwa la utitiri," nikamjibu. "Sasa kuna sakafu ya zege, utitiri hauna pa kujificha. Halafu bibi, siku hizi tunapikia gesi, hata viazi. Hata nikitaka jivu nitalipata wapi?"

"Nitakununulia gunia la jivu Kombani," mdogo wangu akasema. "Jivu la kisasa, la kwenye pakiti."

Tukacheka sote. Bibi naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya leso. Alikuwa ameuliza kama mtu anavyouliza habari ya kiti kilichohamishwa.

Jua lilipoanza kushuka mjomba akasema banda halijakabidhiwa mpaka lijaribiwe. Mdogo wangu alipanda ngazi na ndoo za maji. Mtoto akajitolea kuingia ndani. Tukamfungia humo, akachutama kwenye sakafu mpya, uso ameuinua juu. Mdogo wangu akamwaga ndoo ya kwanza pole pole, ya pili kwa nguvu, ya tatu akairusha kwa ubavu kuigiza kusi, akamlowesha shangazi aliyekuwa amesimama upande wa pili. Shangazi akapiga ukelele, chupa ya chai ikaanguka.

"Haya, sema huko ndani!" mjomba akaita. "Kunavuja?"

"Hakuna hata tone!" mtoto akajibu.

"Tazama vizuri!"

"Natazama! Hata tone, mjomba! Mimi nalala humu humu!"

Sauti yake ilitoka kwenye wavu, nyembamba, ya furaha. Nikamwona shangazi, aliyekuwa akikamua buibui lake, akimtazama yule mtoto kupitia waya, kisha akanitazama mimi, kisha akaitikia kwa kichwa. Kichwa kile nilikihesabu kuwa ni neno. Nilidhani tumemaliza.

Ramadhani ilikuwa nzuri. Wezi walipita kwa wengine. Nguchiro alikuja, tulikuta alama za kucha pembeni ya mawe, akaenda zake. Kuku walitaga kana kwamba wanajua. Kulikuwa na mkubwa wao, kishingo, asiye na manyoya shingoni, ambaye mama alimpenda kwa sababu alikuwa mama mzuri. Huyo aliangua vifaranga katikati ya mfungo, na hakufa hata mmoja. Futari yetu ilikuwa na uji, muhogo, na siku nyingine samaki. Siku ya Idi mjomba alikuja kula kwetu, akalitazama banda, akatazama sufuria, akaomba kuongezewa. Kwa mjomba kuomba kuongezewa ni kusifu.

Jambo moja tu lilinitia hasira. Mtoto alikuwa na kuku wake, kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja kama nywele, na alikuwa hataki alale bandani. Aliliogopa kufuli. "Akitaka kutoka je?" alikuwa akiniuliza. Nikamwambia kuku usiku hatoki. Hakuniamini. Alikuwa akimficha kidimu ndani ya katoni chini ya kitanda, nami nilimfokea kwa ajili ya kinyesi, nikachoka kufoka.

Masika yakaingia kwa kishindo. Siku moja mvua ilianza Alasiri ikapiga usiku kucha. Niliteremsha pazia la magunia, nikafunga komeo na kufuli, nikafunga ufunguo kwenye leso. Nikajilaza. Sauti ya mvua juu ya bati la nyumba ilikuwa kubwa hata huwezi kusikia mtu akikuita mlango wa pili. Miaka yote mvua kama ile ilinikesha nikiwaza vifaranga. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nakumbuka kabisa nilivyofurahi, nikijua hawalowi.

Alfajiri mvua ilikuwa imekatika. Niliamka kuswali, na nilipokuwa nikitia udhu nikahisi kuna kitu kimepungua. Mpaka nilipomaliza kuosha miguu ndipo nikafahamu kuwa jogoo hajawika.

Nilitoka na taa ya simu. Kutoka kwenye mkorosho hadi bandani ardhi ilikuwa na utepe mweusi, mpana kama mkeka, unatembea. Siafu. Maji yalikuwa yamewatoa mashimoni kwao huko bondeni, nao walikuwa wanahama, na banda letu lilikuwa mahali pakavu kuliko pote katika uwanja ule. Matundu ya wavu yalikuwa madogo kwa nguchiro. Kwa siafu yalikuwa milango.

Sikumbuki nilivyofungua kufuli. Nakumbuka kwamba fundo la leso lilikataa kufunguka nikalifungua kwa meno, na miguu yangu ilikuwa inawaka moto mpaka magotini. Mlango ulipofunguka hakuna kilichotoka. Walikuwa wamerundikana kwenye kona ya juu, karibu na mlango, mmoja juu ya mwingine, pale walipokuwa wakisukuma. Kwenye banda la mama wangeliuangusha ule ubao, wangepanda mkorosho, wangelowa, na asubuhi wangeshuka wakipiga chafya. Hawa walisukuma mvule.

Kishingo hakuwa pamoja na wale wengine. Alikuwa chini, kwenye pembe yake, amekaa, mbawa amezitandaza juu ya vifaranga. Hakusimama. Nilipomwinua, chini yake pia hakukuwa na kilichobaki.

Mdogo wangu wa kiume alikuja na mafuta ya taa, akamwaga, akapiga kelele, akapiga ukuta kwa ngumi. Mtoto alisimama mlangoni pa nyumba amemkumbatia kidimu, na kidimu alikuwa ametulia kabisa, akitazama. Hakuna aliyemwambia arudi ndani. Bibi jirani alikuja amejifunika gunia kichwani, kwake usiku kucha kulikuwa kunavuja na alikuwa hajalala. Akasimama mbele ya ule utepe mweusi uliokuwa sasa unapungua, akaweka mkono mdomoni.

"Lo," akasema. "Siafu. Mama yenu na jivu lake."

Ndipo tukajua jivu lilikuwa la kuzuia nini. Mdogo wangu akakaa chini palepale kwenye matope.

Mjomba alikuja kabla ya masika kuisha, na shangazi alikuja naye. Kitu cha kwanza alichofanya mjomba ni kwenda bandani. Alipitisha kiganja chini ya ukingo wa paa, pale alipofunga mwenyewe, akatoa kiganja kikavu, akakitazama.

"Paa halina kosa," akasema.

"Hakuna mwenye kosa," shangazi akasema.

"Mjomba, nitaanza tena," nikamwambia. "Kidimu yupo. Atataga. Nitaweka jivu. Nitarudisha meko."

"Utaanza," akajibu. "Najua utaanza, wewe ni kama mama yako. Lakini mtoto hawezi kungoja kuku wakue, mwanangu. Anakula leo."

Nilikuwa nimeahidi sitalia, na sikulia. Niliingia ndani nikakunja nguo za mtoto. Shangazi alinifuata, akakaa kitandani, akashika nguo moja moja niliyokuwa nimekunja akaikunja upya, vilevile kama ilivyokuwa. Mikono yake ilikosa la kufanya. "Sikunyang'anyi," akaniambia. "Nataka ujue hivyo. Siku ile ya maji ya ndoo nilikuwa nimekwisha kukuachia moyoni." Nilijua ni kweli. Ingelikuwa rahisi zaidi kama isingelikuwa kweli.

Mtoto alipanda pikipiki katikati ya kaka yake na shangazi, katoni ya kidimu mapajani, nimeitoboa matundu kwa msumari. Akanipungia mkono, kisha akakumbuka jambo, akamgonga kaka yake mgongoni asiondoke kwanza.

"Dada, nani ataloweka majani ya bibi?"

"Nitaloweka mimi."

"Wewe huwezi. Unaweka maji kidogo."

"Nitaweka mengi."

"Mpaka kwenye alama ya karai," akasema. Wakaondoka.

Nilikwenda kumtazama shule zilipofungwa. Alinikimbilia njiani, akasimama mbele yangu, akanipa mkono kwa adabu mpya. "Shikamoo, dada." Amenenepa. Kucha zake fupi, safi. Alinishika mkono akanionyesha kitanda chake, mkoba wake, choo cha ndani, akiniambia tahadhari hapa pana utelezi. Kidimu ameangua, ana vifaranga wawili waliojikunja kama yeye, wanalala ndani ya kreti nyuma ya jiko. Tulipokwisha kula akaniuliza, "Dada, leo utalala kwetu?"

Nilimwambia kuna kazi nyumbani. Alifikiri kidogo, akasema, "Nyumbani kwako?" Nikasema ndiyo.

Kabla ya adhana ya Magharibi alitoweka. Nikamkuta nyuma ya jiko ameinama, kifuu mkononi, analizungushia kreti jivu. Mstari mwembamba, hakuukatisha popote. Alipofika mwanzo akafunga duara, akapuliza vidole.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Mama alikuwa akifanya hivi."

"La nini?"

Akainua mabega. Hajui. Shangazi akaniambia kutoka mlangoni, "Kila siku ananisumbua, shangazi jivu la makaa, shangazi jivu. Uwanja wangu wote ni jivu. Nimkataze?"

"Mwache, shangazi," nikasema. "Usimkataze kabisa."

Nilirudi Bongwe giza limeshaingia. Banda lipo. Zege halijapasuka, wavu umeanza kutu kidogo upande wa bahari, paa ni zima. Ndani ninaweka kuni, maana gesi ilipokwisha sikuijaza. Nilimwendea bibi nikamwambia nitamvulia yale makuti, ni mazuri bado, mvua haijayaharibu, achukue aliyonikopesha tumalizane.

Alikuwa amekaa katikati ya mabeseni. Ameyapanga chini ya kila tundu la paa lake, na huyasogeza kila mvua ikibadilisha upande.

"Usiliguse lile paa," akaniambia. "Ukilivua, mtoto akirudi atakuta nini?"

"Basi nitakushonea mapya, bibi."

"Hayo ndiyo tuliyoagana. Tena taratibu. Mimi na paa langu hatuna haraka."

Vuli imekaribia. Ninashona baada ya Isha, nikiisha kuosha karai la viazi. Nachambua majani, nayaloweka mpaka kwenye alama, nakunja juu ya ufito, napitisha sindano. Majani yangu hayalainiki kama yake. Sijui anayakanyaga vipi. Yanakatika kwenye mkunjo, nami nayatupa yaliyokatika, kwa sababu bibi alisema yashonwe vizuri. Yaliyokwisha nimeyapanga ndani ya banda la kuku, mahali pasipovuja. Hayajafika hata goti. Jana mvua ndogo ilipita, nikasikia ng'ambo ya ua bibi akisogeza beseni.